Ramin Karimloo hakusomea kuimba. Basi alijifunza wapi?



Kila tunapokutana sisi wenye lisansi ambao bado tuko tunatafuta kazi, kuna neno moja halikosi kutoka. Mmoja atasema: «Diploma haisaidie kitu. Angalia fulani, hakusomea ile kazi, na leo eko mbali.» Anataja mwanamuziki, ao mchezaji mpira, ao mfanyabiashara, na sisi wote tunatikisa kichwa. Kisha tunarudi nyumbani na Article 15 yetu: kila mtu ajitafutie.

Leo nataka tumwangalie mmoja wa hao «fulani» kwa karibu. Anaitwa Ramin Karimloo. Ni Mkanada, mwigizaji na mwimbaji wa ile michezo ya jukwaani ambamo hadithi nzima inachezwa kwa kuimba. Wale waliosoma Kifaransa wanaiita komedi mizikali. Ninamchagua yeye kwa sababu mimi mwenyewe nilimtumia vibaya. Nilimtaja kama ushuhuda kwamba shule haina maana, na nilikuwa nimekosea.

Namna nilivyomjua

Ilikuwa mwezi wa 4 mwaka 2020. Masomo yalikuwa yamesimama juu ya Covid, tuko tunakaa nyumbani. Wakati ule watengenezaji wa hiyo michezo waliweka baadhi yake bure ku YouTube kwa muda mfupi. Mdogo wangu, ambaye alikuwa anasoma Kifaransa, akanialika tutazame «The Phantom of the Opera», ile iliyochezwa London mwaka 2011. Yeye alijua hadithi yake kutoka kitabu cha Mfaransa Gaston Leroux: kuna mtu mwenye uso ulioharibika, anaishi chini ya jumba la opera la Paris, anamfundisha kuimba msichana anayeitwa Christine, na anampenda bila tumaini. Andrew Lloyd Webber, Mwingereza, ndiye aliyeitungia muziki, na mchezo ulifunguliwa London mwaka 1986.

Tulitazama ku simu ndogo, vichwa viwili juu ya kioo kimoja. Huyo mwenye kinyago akaimba. Mimi mtu wa mihogo na kahawa sikuwa najua kitu katika mambo hayo, lakini nilinyamaza. Mdogo wangu akasema: «Unajua huyu hakufika ku shule yoyote ya muziki?» Nami nikajibu haraka: «Unaona? Diploma haisaidie kitu.» Kabla mchezo haujaisha, mega zikaisha. Mwisho hatukuuona. Nitaurudilia huo mwisho, kwa sababu ndio wenye maana kupita yote.

Mtoto aliyebebwa

Karimloo alizaliwa Teheran, Irani, mwezi wa 9 mwaka 1978. Wakati huo nchi ilikuwa inawaka. Miezi michache tu baadaye Shah aliondoka na mapinduzi yakashinda. Familia yake ilitoka Irani yeye akiwa bado mtoto mchanga. Walipita Italia, kisha wakafika Kanada, jimbo la Ontario. Huko ndiko alikolelewa, Peterborough na Richmond Hill, karibu na mji wa Toronto. Sisi watu wa Kivu hatuhitaji kuelezwa maana ya mtoto kubebwa mgongoni wakati wazazi wanaacha nyumba.

Alikua kama watoto wengine wa Kanada: hoki ya barafu, na muziki wa roki wa kule kwao, hasa kundi linaloitwa The Tragically Hip. Halafu alipokuwa na miaka 12, shule yao iliwapeleka wanafunzi Toronto kutazama «The Phantom of the Opera». Mchezo huo ulikuwa umefunguliwa kule mwaka 1989, katika jumba la Pantages. Aliyekuwa anaimba nafasi ya mwenye kinyago alikuwa Colm Wilkinson, mtu wa Irlandi aliyehamia Kanada kwa ajili ya kazi hiyo. Shikeni jina hilo, Colm Wilkinson. Yule kijana wa hoki alitoka ndani ya jumba akiwa amekwisha kuamua: kazi yangu ni ile.

Hakwenda ku shule ya maigizo. Aliimba na makundi ya roki, kisha akapata kazi ya kuimba kwenye meli ya watalii. Baada ya hapo akaenda Uingereza.

Hapa ndipo watu wengi wanapomaliza hadithi. «Alikwenda Uingereza, akawa staa.» Lakini kati ya «alikwenda» na «akawa» kuna miaka, na ndani ya hiyo miaka ndimo jibu la swali letu limekaa. Ili kuielewa, inafaa kwanza kujua ile kazi iko namna gani.

Kazi yenyewe iko namna gani

Mchezo wa namna hii si sinema. Ku sinema, ukikosea, mnarudia. Ku jukwaa hakuna kurudia. Pia si konseri, kwa sababu unaimba huku unacheza mtu mwingine, unatembea pale ulipopangiwa kutembea, unabeba ao unabebwa. Na desturi ya London na New York ni kucheza mara 8 kwa juma: kila jioni kwa siku 6, na siku 2 kati ya hizo mnacheza pia mchana. Leo, kesho, kesho kutwa, wimbo ni uleule, na mtu aliyenunua tiketi ya leo anataka kuusikia kama vile unaimbwa kwa mara ya kwanza.

Sasa, mwimbaji mkubwa akishikwa na homa je? Mchezo haufungwi. Ndiyo maana kila mchezo unakuwa na watu wa ngazi mbalimbali. Juu kuna wenye nafasi kubwa. Chini yao kuna kundi: hao ni askari, wanafunzi, maskini, wacheza dansi, wanabadilisha nguo mara nyingi na majina yao hakuna anayeyashika. Na ndani ya kundi hilo, baadhi wanapewa mzigo wa pili: kujifunza nafasi ya mkubwa fulani, maneno yote, nyimbo zote, hatua zote, ili siku moja asipofika, wao waingie. Tuwaite mbadala.

Mbadala anaweza kungoja majuma mengi bila kuitwa. Kila jioni anacheza nafasi yake ndogo, halafu anamtazama mkubwa. Anaona mahali anapovuta pumzi, anaona anavyolinda sauti siku ya uchovu. Anafanya mazoezi mchana wakati jumba halina watu. Kisha siku moja saa 11 ya jioni anaambiwa: «Leo ni wewe.» Siku hiyo hakuna anayemuuliza diploma. Wanamuuliza kitu kimoja tu: unaijua ao hauijui?

Hii ndiyo shule aliyosoma Karimloo.

Ngazi kwa ngazi

Mwanzo wa miaka ya 2000 aliingia West End, yaani eneo la majumba makubwa ya michezo ya London, katika «Les Misérables». Wengi wetu tulikutana na Jean Valjean na ule mkate wake ku shule ya sekondari, katika kurasa za Victor Hugo. Mchezo huo ulitungwa na Wafaransa, Alain Boublil na Claude-Michel Schönberg, ukachezwa kwanza Paris mwaka 1980, na ule wa Kiingereza ukaanza London mwaka 1985.

Karimloo alipewa nafasi ya Feuilly. Kama haumkumbuki Feuilly, hauko peke yako. Ku jukwaa ni mmoja tu kati ya vijana wanaokufa ku barikadi. Lakini katika kitabu cha Hugo, Feuilly ni yatima, mfanyakazi wa kutengeneza vipepeo vya mkono, na kusoma na kuandika alijifunza mwenyewe bila mwalimu. Kijana ambaye hakufika ku shule ya maigizo alianza na nafasi ya mtu aliyejifundisha mwenyewe. Tena ndani ya mchezo huohuo alikuwa mbadala wa nafasi mbili kubwa zaidi, Marius na Enjolras.

Kutoka hapo alipanda. Katika «The Phantom of the Opera» alipata nafasi ya Raoul, yule kijana tajiri anayempenda Christine. Akazunguka Uingereza na «Miss Saigon» akiimba nafasi ya Chris, askari Mmarekani. Akarudi «Les Misérables», safari hii kama Enjolras mwenyewe, kiongozi wa wanafunzi. Katika filamu ya «Phantom» ya mwaka 2004 anaonekana kidogo sana: yeye ndiye baba wa Christine, aliyekwisha kufa, na sura yake iko ndani ya picha.

Mwaka 2007, kabla ya kufikisha miaka 29, alivaa kile kinyago. London haikuwa imewahi kumpa mtu mwenye umri mdogo hivyo nafasi ile. Ukihesabu, wanaume watatu wenye uzito katika maisha ya Christine ni baba yake, Raoul, na mwenye kinyago. Karimloo amekuwa wote watatu. Alizunguka hadithi ile nzima kabla ya kufika katikati yake.

Hapa nataka niseme kama mtu wa kilimo. Mche wa kahawa unakaa kitaluni chini ya kivuli miezi kadhaa. Ukiuondoa mapema na kuupeleka ku jua, unaungua. Hata ukiupanda vizuri, utangoja kama miaka mitatu kabla ya kuchuma kitu cha maana. Mpita njia anayeona kahawa nyekundu ku tawi atasema: «Huyu shamba lake limebarikiwa.» Kitalu yeye hakukiona.

Mchezo unapoanguka

Tusidanganyane kwamba kuanzia hapo kila kitu kilikuwa kizuri. Mwaka 2010 Lloyd Webber alitoa mchezo wa kuendeleza «Phantom», unaoitwa «Love Never Dies». Karimloo alikuwa wa kwanza kabisa kuimba nafasi kubwa ndani yake. Ni heshima, lakini pia ni hatari, kwa sababu mchezo mpya ukikataliwa, uso unaoonekana ni wako. Wachambuzi wengi hawakuupenda. Mpango wa kuupeleka New York haukutimia. Mwezi wa 8 mwaka 2011 ukafungwa London.

Angalia lakini: hata wakati mchezo wenyewe unasemwa vibaya, yeye alitajwa kati ya waliopendekezwa kwa zawadi ya Olivier, ambayo ni zawadi kubwa ya jukwaa la London. Na mwezi wa 10 wa mwaka uleule, majuma machache tu baada ya milango kufungwa, alichaguliwa kuimba sherehe ya miaka 25 ya «Phantom» ndani ya Royal Albert Hall. Ndiyo ile video tuliyoitazama ku simu. Mradi unaweza kuanguka bila mfanyakazi kuanguka nao, ikiwa watu wameona kazi aliyoifanya ndani. Wale kati yetu waliofanya kazi ku miradi inayofungwa kabla ya wakati, nadhani wananielewa.

Siku yangu ya kuwa mbadala

Kisha lisansi yangu nilipata staji ya miezi sita ku mradi mmoja wa kilimo. Bila franga, hata za usafiri. Kazi yangu ilikuwa kushika kamba ya kupimia, kujaza fishi za wakulima, kubeba mifuko. Kulikuwa na fundi mmoja, mtu mzima asiye na lisansi, ndiye aliyekuwa anafundisha wakulima namna ya kupambana na mnyauko wa migomba. Mimi nilikuwa najua jina la kilatini la ile bakteria. Kwa hiyo yeye akifundisha, mimi nilikaa chini ya mti na simu. Nilijiambia: sikusoma miaka yote hii ili nitazame mtu anakata migomba.

Siku moja fundi akaugua malaria. Wakulima zaidi ya 30 walikuwa wamekwisha kukusanyika. Mkubwa wa mradi akanigeukia: «Ingenia, leo ni wewe.»

Nilisimama. Nikaeleza Xanthomonas, nikaeleza namna wadudu wanavyoipeleka kutoka ua hadi ua. Wakanisikiliza kwa heshima. Halafu mmoja akasema: «Sasa tuonyeshe.» Nikachukua panga, nikakata mgomba mgonjwa, nikaenda moja kwa moja ku mgomba wa pili. Mama mmoja mzee akanyoosha mkono, akaniambia pole pole, bila kunidharau: «Mutoto yangu, ile panga haujaichoma ku moto. Uko unatupelekea ugonjwa ku mimea mizima.»

Alikuwa na haki. Na jambo lile nililisoma! Lilikuwa ndani ya memwari yangu mwenyewe, ukurasa mzima juu ya kusafisha vyombo. Lakini mkono wangu haukulijua. Fundi alilifanya mbele ya macho yangu karibu mara 20: panga ku moto, kisha mgomba unaofuata, ua la chini linavunjwa kwa kijiti chenye panda, siyo kwa panga. Nilikuwa na kiti cha mbele kabisa, nami nikatazama simu.

Jioni ile nilimkumbuka Karimloo, na nikaona aibu ya yale niliyomjibu mdogo wangu. Mimi nilisema mtu huyu alifika bila kusoma. Ukweli ni kwamba yeye alikuwa anasoma kila jioni, mara 8 kwa juma, mahali ambapo mimi ningelala.

Tuseme pia ukweli wa upande wa pili

Sitaki mtu atumie andiko hili kuwaambia vijana: «Kubalini staji za bure, mwisho mtakuwa mastaa.» Hapana. Mbadala wa London analipwa. Ana mkataba ulioandikwa, na nyuma yake kuna chama cha wafanyakazi wa jukwaa kinachoitwa Equity. Kumjifunzisha mtu kazi na kumlaza njaa ni mambo mawili tofauti. Pia kule kuna majumba mengi yanayofungua milango kila jioni, kwa hiyo ngazi ipo. Mtu anaweza kuiona na kuipanda. Kwetu mara nyingi ngazi yenyewe haipo, ao wameikalia watu wa familia moja. Hilo si kosa la kijana, na tusilifiche kwa maneno matamu ya kutia moyo.

Ninachosema ni kidogo kuliko hapo. Ninasema: tusichague kati ya «diploma» na «bila diploma» kama vile hizo ndizo njia mbili. Karimloo alikuwa na fasi lakini hana diploma, na fasi ile aliitumia yote. Sisi tuna diploma, na mara chache tunapopewa fasi hata ndogo, wengi wetu tunaidharau kwa sababu ni ndogo kuliko diploma.

Mwisho ambao hatukuuona

Mwaka 2013 Karimloo alirudi Toronto. Aliimba Jean Valjean katika «Les Misérables», katika jimbo lililomlea. Mwaka 2014 mchezo huo ukaenda New York, ku Broadway, naye akapendekezwa kwa zawadi ya Tony. Hakuipata, ilikwenda kwa mwingine. Aliendelea na kazi: «Anastasia» mwaka 2017, «Funny Girl» mwaka 2022, mkubwa wa maharamia katika «Pirates! The Penzance Musical» mwaka 2025. Katikati ya hayo anaimba pia muziki wake mwenyewe, unaochanganya nyimbo za jukwaa na gitaa na banjo za vijijini. Ule muziki wa ujana wake hakuutupa.

Na Valjean yule wa Kiingereza, aliyemwimba wa kwanza kabisa London mwaka 1985 ni nani? Ni Colm Wilkinson. Yuleyule wa Toronto. Nafasi zote mbili zilizomfanya Karimloo ajulikane, Wilkinson alizipitia mbele yake.

Nilipopata mega za kutosha, miaka miwili kisha ile siku ya kwanza, nikatafuta sehemu ya mwisho ya sherehe ya 2011. Mchezo umekwisha, watu wamesimama, makofi hayatulii. Lloyd Webber anasema maneno machache. Kisha wanaitwa ku jukwaa watu walioimba nafasi ya mwenye kinyago miaka iliyopita. Mmoja wao, mwenye mvi, ni Colm Wilkinson. Anaimba. Na pale pale ku jukwaa, bado na nguo za kazi, yuko Karimloo, mwenye miaka 33, ambaye akiwa na miaka 12 alikuwa amekaa gizani kati ya wanafunzi wenzake akimtazama mtu huyo.

Nilimwita mdogo wangu, tukatazama mara mbili. Safari hii sikusema neno juu ya diploma. Nilimuuliza tu swali ambalo nawaachia ninyi pia: hapo ulipo sasa, hata kama ni fasi ndogo, ni nani uko unamtazama akifanya kazi? Na kesho akiugua, utaijua ao hautaijua?